Siku Tuliposoma Ubao wa Hatari Tukaupigia Makofi

Bwana asifiwe, wenyeji wa Temeke! Asifiwe na wageni wetu wa Tabata na Ukonga, mliokuja na vumbi la barabara bado liko miguuni! Asifiwe tena na tena, maana huyu mnayemwona amesimama hapa mbele alipaswa kuwa marehemu, tena marehemu wa kutafutwa mtoni kwa siku kadhaa.

Kwa wasionijua, naitwa Anastazia, Mama Tumaini. Naongoza kwaya ya akina mama ya kanisa hili, na siku za kazi niko kwenye mashine za kufuma vitambaa kiwandani Chang'ombe. Kwetu Lindi, nimezaliwa ufukweni kabisa, maji yakijaa yanafika karibu na jiko la mama. Hilo la ufukweni lishikeni, maana ndilo lililotaka kuniua. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, nisamehe mapema.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa wakashuhudia jinsi walivyookolewa kutoka kwenye pombe. Wengine wametoka kwenye uganga. Mie pombe sijaionja, na mganga simjui mlango. Ugonjwa wangu mie ulikuwa ujuaji. Ukiniambia sukari imekuja duka la ushirika, nakwambia najua tangu asubuhi. Ukiumwa tumbo, najua dawa. Balozi wa nyumba kumi akiitisha mkutano, mie namaliza sentensi zake. Hata Mchungaji alipokuwa akihubiri, nilikaa pale benchi la pili nikimsahihisha moyoni. Cheka tu, Mchungaji, leo naungama. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na neno "sijui" lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu.

Sasa serikali ikasema kila mtu asome. Kiwandani kwetu likafunguliwa darasa la watu wazima, baada ya zamu, na waliojua kusoma wakaambiwa wawafundishe wasiojua. Mie nilisoma misheni hadi darasa la sita, nikafanywa mwalimu. Haya! Mjuaji kapewa chaki! Mnadhani palikalika tena hapo Chang'ombe?

Katika wanafunzi wangu alikuwapo wifi yangu Salome, mdogo wake Baba Tumaini, mume wangu. Wao ni watu wa Njombe. Salome alikuja kwetu akiwa mtu mzima, mjane, akapata kazi ya kufagia kiwandani, akaingia na kwaya. Mpole, mwenye haya, sauti yake ya pili ukiisikia utafikiri amekula asali. Lakini kusoma, jamani! Alisoma kwa kidole. Anagusa herufi, anaifikiria, anaitamka, anaigusa tena kuhakikisha haijaondoka. Nikampa jina mbele ya darasa, nikamwita Treni ya Mizigo. Darasa zima likacheka. Naye alicheka, lakini macho yake niliyaona, na nilijifanya sikuyaona. Wifi, nilikwishakuomba radhi nyumbani. Leo nakuomba mbele ya kanisa.

Basi tukaalikwa. Kule bara, mwendo wa siku nzima kwa lori, kuna mto mkubwa umezibwa kwa bwawa la umeme, na wafanyakazi wa mitambo walikuwa wamejenga kanisa lao dogo. Wakaomba kwaya yetu ikaimbe Jumapili ya kulifungua. Tulikuwa akina mama kumi na wanne. Tulifika Ijumaa tumekauka vumbi, Jumamosi asubuhi tukafanya mazoezi, mchana wenyeji wakasema pumzikeni. Sie tukafunga mihogo yetu na samaki wa kukaanga, tukachukua chupa za chai, tukashuka kwenda kuuona mto.

Njiani palikuwa na kibanda cha mlinzi, na mbele yake ubao mkubwa wa rangi nyeupe, maandishi mekundu. HATARI. MAJI HUPANDA GHAFLA. USISHUKE MTONI.

Ndugu zangu, sikilizeni tulichofanya. Wale akina mama wengi walikuwa wanafunzi wangu. Tangu wazaliwe, ubao wa barabarani kwao ulikuwa mbao tu. Leo wameuona, na wanausoma! Nikawasimamisha kama darasani. Nikasema, "Mmoja mmoja!" Mama Neema akasoma, tukapiga makofi. Bi Roda, mkubwa wetu, mwenye wajukuu sita, akasoma lote bila kukosea, tukapiga makofi na vigelegele. Mzee Yeremia, mlinzi, alikuwa ndani anakunywa uji, nadhani alifikiri tunashangilia bwawa. Mwisho akabaki Salome. HA. TA. RI. Tukangoja. MA. JI. Nikapiga miayo makusudi, watu wakacheka. Akamaliza. Nikampa maksi sita kwa kumi.

Wakati sisi tumeanza kuteremka, yeye kasimama palepale, kidole bado kiko kwenye ubao. Akaniita.

"Mwalimu."

"Nini tena?"

"Tumesoma. Mbona hatufanyi?"

Kwaya nzima ikaniangalia. Ningesema "kweli wifi, turudi", leo nisingekuwa na ushuhuda wowote. Lakini mie nisahihishwe na Treni ya Mizigo? Nikamwambia, "Salome, wewe mtu wa milimani, maji unayajua ya ndoo. Mwachie mtoto wa pwani."

Nikawapeleka hadi ukingoni. Mto ulikuwa umelala kabisa. Mawe mapana yako wazi hadi katikati, maji yanapita kwenye vijia vyembamba, unayavuka bila kulowesha goti. Nikatazama mawe. Juu yamekauka, chini yana unyevu na mstari wa kijani unaoonyesha maji hufikia wapi. Ah! Si kitu ninachokijua tangu utoto? Nikawaambia kwa sauti ya mwalimu: "Mnaona? Maji yamepwa. Yatajaa jioni. Na maji yakijaa huja polepole, yanabisha hodi kwanza. Tunazo saa nne za kukaa."

Nilikuwa napima mto wa bara kwa kipimo cha bahari ya Lindi! Kule pwani mwezi ndio unaotuletea maji, na mwezi hauna haraka. Hapa maji hayakuwa yamepwa. Yalikuwa yameshikwa. Kuna mtu ameyashika kule juu, na akiyaachia hayabishi hodi. Lakini nani wa kuniambia?

Tukavuka hadi jiwe kubwa la katikati, pana kama chumba na sebule. Tukatandika khanga, tukala. Salome hakuvuka. Alikaa ukingoni chini ya kibanda na muhogo wake mkononi, amenuna. Baada ya kula nikasema tuimbe, maana mawe yale yalirudisha sauti vizuri ajabu. Sauti zote zikajipanga, tukaimba kwa nguvu kabisa, mikono yangu hewani naongoza, mgongo wangu umeelekea kule maji yanakotoka.

Ilikuwa saa tisa na kitu alasiri. Kule juu king'ora kikalia. Wenyeji wote hukijua: maana yake mtambo wa pili unawashwa, maji yanaachiwa, kila mtu atoke mtoni. Sisi hatukukisikia. Tulikuwa tunamsifu Mungu kwa kelele nyingi mno.

Aliyekisikia ni yule aliyenuna. Salome akasimama, akapiga kelele, akapunga khanga. Na mie, Bwana anirehemu, nikamwona! Nikamwona na nikaweka kidole mdomoni, hivi, nyamaza, unatuharibia wimbo. Nikaendelea kuongoza.

Kisha Mama Neema akaacha kuimba. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Ndugu zangu, maji yale hayakuja kwa mawimbi. Yalipanda. Vile vijia tulivyovuka vilikuwa vimekwisha kuungana, vimekuwa mto mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, una povu, unakwenda kwa kasi ya kukuvunja mguu. Wenye miguu myepesi waliruka. Tisa wakafika ukingoni, wengine wakitambaa, mmoja kapoteza khanga, mwingine kapasuka goti. Tukabaki wanne juu ya jiwe: mie, Mama Neema, Bi Roda na Mama Upendo. Nilikuwa nimemshika mkono Bi Roda tuvuke, mguu wake mmoja ukaingia majini ukavutwa, nikamrudisha. Hapo nikajua njia imefungwa.

Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Baridi ya ajabu. Khanga zetu zikaelea, zikaondoka, na chupa za chai zikafuata. Tukashikana mikono. Maji yakafika magotini. Mzee Yeremia tukamwona mbali upande wa chini. King'ora kikilia, kawaida yake ni kutembea ukingoni akipuliza filimbi, awatoe wachungaji wa ng'ombe na wavuvi. Aliposikia mayowe akageuka mbio na kamba begani, lakini alikuwa mbali, naye ni mzee.

Maji yakafika mapajani. Bi Roda akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniamini bado. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa tufanyeje?"

Nikafungua mdomo kujibu, maana mie huwa na jibu. Halikuja. Nikatafuta tena, halikuja. Nikasikia sauti yangu inasema, "Sijui."

Halafu nikasema tena, nimeinua uso juu, nalia kama mtoto: "Bwana, mie sijui! Sijui mto, sijui maji, sijui kitu! Hawa watu wako wamekuja hapa kwa mdomo wangu. Nichukue mie, warudishe wao! Sijui, Bwana, wewe unajua!"

Haleluya! Nasema haleluya! Niliomba maombi mengi hapa kanisani kwa maneno yaliyopangwa vizuri, na Mungu akanisikiliza kwa uvumilivu wake. Lakini ile ndiyo siku ya kwanza nilimwomba kama mtu asiye na kitu.

Maji yakafika kiunoni kwa Bi Roda, ambaye ni mfupi. Tukamweka katikati. Mama Neema na unene wake akasimama upande maji yanakotoka, akatukinga. Nikahisi vidole vya miguu vinateleza. Nikasema moyoni, Tumaini mwanangu, baki salama.

Na hapo yakasimama. Kwanza sikuamini. Palikuwa na ufa kwenye mwamba wa ukingoni, nilikuwa nikiutazama ukimezwa. Haukumezwa zaidi. Tukahesabu pumzi. Ufa ukaonekana wote. Kisha chini yake pakaonekana pamelowa, panang'aa. Maji yanashuka! Kiuno, paja, goti! Katika muda wa kuimba wimbo mmoja na beti zake zote, mto ule uliokuwa ukinguruma ukaanza kunong'ona. Mzee Yeremia akaturushia kamba, wenzetu tisa wakaishika upande wa pili, tukavuka mmoja mmoja, Bi Roda wa kwanza, mie wa mwisho. Nilipokanyaga ukingo niliangukia uso wangu kwenye matope na sikutaka kuinuka.

Mzee Yeremia akasema, "Akina mama, nani amesimamisha mtambo? Mimi sikuwa kibandani."

Tukamtafuta Salome, hayupo.

Akatokea kule juu, mlangoni mwa kibanda, anatembea polepole, amejishika kifua. Sikilizeni alichofanya, enyi mnaosema elimu ya watu wazima ni kupoteza muda! Alipoona sisikii, aliacha kupiga kelele, akakimbilia kibandani kumwita mlinzi. Mlinzi hayupo. Mlango uko wazi. Ukutani kuna simu, ile ya kuzungusha mkono, na maishani mwake Salome hajawahi kushika simu. Lakini juu ya simu kuna karatasi imebandikwa. Na Salome akaisoma. Kwa kidole! Herufi moja moja, na huku nyuma sisi tunalia mtoni! MTU AKIWA MTONI. ZUNGUSHA MARA TATU. SEMA SIMAMISHA.

Aliniambia baadaye, "Wifi, kwa haraka nilitaka kuruka maneno. Nikasema hapana, nisome yote, nisije nikakosea."

Akazungusha mara tatu. Akasema simamisha. Kule kwenye mitambo zamu ilikuwa ya Bwana Rajabu, Mwislamu wa Tanga, mtu mtaratibu. Hakumuuliza yeye ni nani, wala ametumwa na nani. Aliusimamisha mtambo. Akijua kabisa kwamba akiusimamisha ghafla namna ile, sehemu ya Dar es Salaam itakosa umeme na wakubwa watamwita aeleze. Jioni tulikwenda kumshukuru, tumempelekea kuku. Akasema, "Nyie mmekuja na kuku, wengine huja na jeneza. Mto ulio chini ya bwawa, mama zangu, msiuamini ukiwa umetulia. Mkitaka kuogelea au kupumzika, waulizeni wenyeji ni wapi, wapo watakaowaonyesha. Na ubao mkiuona, ubao huo umewekwa kwa sababu ya mtu." Hakutuambia ni mtu gani. Hatukuuliza.

Jumapili tuliimba, na tuliimba kweli! Usiku wake tukapanda lori. Jumatatu mchana nimeshuka, nimeoga, nimekwenda moja kwa moja kazini, zamu ya saa nane. Naingia Chang'ombe, nini nakuta? Baba Tumaini, ambaye ni fundi wa mitambo palepale, yuko juu ya ngazi, bisibisi mkononi, anahangaika na ile saa kubwa ya umeme ya ukutani. Wengi mnamjua mume wangu. Alikuwa haji kanisani. Alisema Mungu wake ni grisi.

Alikuwa ananung'unika. "Afadhali umerudi. Jumamosi hawa watu wa umeme wametuzimia ghafla, saa tisa na nusu, dakika ishirini nzima. Nyuzi zimekatika mashine zote. Nimewalaani hao, nimewalaani hadi vizazi vyao! Na saa yenyewe imebaki nyuma dakika ishirini tangu siku hiyo."

Ndugu zangu, nikaitazama ile saa. Nikamwambia, "Baba Tumaini, usiiguse."

"Kwa nini nisiiguse?"

"Hizo dakika ishirini ni zangu."

Akafikiri nimechanganyikiwa na safari. Nikamweleza pale pale, mashine zinaunguruma, nikipiga kelele ili anisikie: jiwe, maji, Bi Roda kiunoni, dada yake na simu, Bwana Rajabu. Alisikiliza yote akiwa juu ya ngazi. Kisha akashuka taratibu, akakaa juu ya marobota ya pamba, akafunika uso kwa ile mikono ya grisi. Alipoitoa, uso wote ulikuwa mweusi, na machozi yamechora mistari miwili. Akasema, "Nimemlaani mtu aliyekuwa anakushikia maji." Akarudia mara mbili.

Jumapili iliyofuata alikuja. Yuko pale nyuma, karibu na mlango, amevaa shati la bluu. Baba Tumaini, punga mkono wakuone. Bwana asifiwe!

Nami nawaomba, mlio hapa. Yupo mtu humu ndani ambaye maji yamemfikia kiunoni na bado ana majibu. Namjua, maana ndiye mie niliyekuwa. Ndugu yangu, mkabidhi Bwana leo. Sema "sijui" na maji hayatakumeza. Maonyo ya Mungu umeyasoma, umeyakariri, umeyapigia makofi. Umebakiza kufanya tu. Na unapoudhika kwa sababu taa yako imezimika, kabla ya kulaani, jiulize kuna nani huko mbali anavushwa kwenye giza lako. Mie nashukuru Mungu, nashukuru Bwana Rajabu, Mzee Yeremia, Mama Neema na mgongo wake mpana. Darasani kwetu sasa karatasi ya Salome ndiyo somo la kwanza, na hakuna anayeitwa jina la treni.

Nimezidisha dakika, Mchungaji, naona unatazama saa. Namalizia. Somo la leo nilipangiwa kulisoma mie, kama kila Jumapili. Silisomi. Wifi Salome, njoo hapa mbele. Njoo tu, usiogope. Biblia hii hapa, na kidole chako kilete. Soma pole pole upendavyo, hakuna anayekukimbiza.

Mie nakaa chini kukusikiliza, na neno utakalolisoma, safari hii nitalifanya.